Sanduku la Sauti la Afisi Yetu, na Maneno Yaliyopotea

Wanachama wetu watukufu, leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wenu mmelilalamikia, na mlikuwa na haki ya kulilalamikia. Jambo lenyewe ni ule mtambo wa simu wa afisi yetu, unaopokea na kuweka maneno ya mtu wakati afisi imefungwa au karani hayupo. Msimu uliopita mtambo huu ulitufedhehesha. Sasa umetengenea, na tungeweza kunyamaza tu tukaendelea na kazi. Lakini mficha uchi hazai, na chama kinachowaficha wanachama makosa yake hakiwezi kutaraji kuaminiwa. Basi tutaeleza mambo yote kama yalivyokuwa, pamoja na makosa yetu wenyewe.

KISA CHENYEWE

Usiku mmoja, katikati ya msimu, mwanachama wetu mmoja, mtu mzima wa umri wa baba zetu, alipiga simu afisini. Karafuu zake za siku ile zilikuwa zimekwisha chambuliwa, zimo majamvini, na wingu lilikuwa limefunga. Kama mjuavyo, chama kina maturubali machache yanayoazimwa kwa zamu, na desturi yetu ni kwamba anayetangulia kutoa khabari ndiye anayetangulia kupata. Mzee akasikia sauti ya mtambo, akangoja mlio, akaeleza haja yake kwa utaratibu, kisha akalala akijua kwamba asubuhi mtu wa chama atafika na turubali.

Hakufika mtu. Mvua ikaanza alfajiri, ikawa ya siku tatu, na mzee hakuwa na la kufanya ila kuzirundika karafuu zake ndani ya nyumba. Hapana mkulima kati yetu asiyejua mwisho wa jambo hilo. Karafuu mbichi ikirundikwa hupata moto na kuvunda, na hata ikija ikakauka huwa imefifia na kusinyaa, haina ile rangi yake ya hudhurungi. Na tukumbuke kuwa kilo tatu hivi za mbichi ndizo zinazotoa kilo moja kavu, kwa hivyo mwenye kupoteza rundo moja amepoteza kazi kubwa ya wachumaji aliokwisha walipa. Mzee aliuza kwa daraja la chini.

Siku ya nne alikuja afisini. Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alikaa juu ya kiti, akatuuliza: "Mwanangu, usiku ule nilisema na nani? Na ukuta?"

Tukamwambia: "Mzee wangu, tumetazama sandukuni, maneno yako hayamo."

Akajibu: "Basi baina yangu na afisi, mmoja wetu ni mwongo." Akaondoka.

Maneno hayo yalituchoma, khasa kwa kuwa tulikuwa na yakini kwamba sisi hatukusema uwongo, na yeye si mtu wa kusema uwongo. Ndipo tulipoanza kuutafuta ukweli kwa mtambo wenyewe.

MTAMBO UNAVYOFANYA KAZI

Fikra ya kuhifadhi maneno ya simu si ya juzi. Mdenmark mmoja, Valdemar Poulsen, alipata hati ya ubunifu mwaka 1898 kwa chombo kilichohifadhi sauti juu ya waya wa chuma kwa nguvu ya sumaku, na mojawapo ya makusudio yake ilikuwa ni kumpokelea simu mtu asiyekuwapo. Chombo hicho kilioneshwa katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900.

Mtambo wa afisi yetu hauna waya wa chuma. Ni kompyuta ya zamani iliyo chini ya meza ya karani, imeunganishwa na simu yetu ya mezani kwa kisanduku kidogo chenye taa. Ndani yake mna programu ya bure iitwayo Asterisk, iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, na ambayo maafisi mengi duniani huitumia. Simu ikilia kwa nukta ishirini bila ya mtu kuipokea, kompyuta huipokea, husoma salamu, hutoa mlio, kisha huyaandika maneno ya mpigaji katika faili na kulitia tarehe na saa. Asubuhi karani huyasikiliza yote kwa kubonyeza namba ya siri.

Kazi ni hiyo tu. Lakini katika kazi hiyo ndogo tulikuta kasoro tatu, na yafaa kila mmoja wetu ajue zilivyofuatana, kwa sababu ya pili na ya tatu tulizizaa wenyewe.

KASORO YA KWANZA: SANDUKU LILILOJAA MILIO

Mwanzo wa msimu, kabla ya kisa cha mzee, tulianza kupata malalamiko kwamba simu ya afisi "ina watu" tangu asubuhi hadi usiku, na kwamba wengine wakipiga wanasemeshwa Kiingereza kisha wanakatiwa. Tulipotazama tukakuta sanduku limejaa. Programu hii, ikiachwa kama ilivyo, huweka maneno mia moja tu katika sanduku moja. Yakifika mia humwambia mpigaji kwamba hapana nafasi, na yetu ilikuwa ikisema hivyo kwa Kiingereza, kwa kuwa hatukukumbuka kuitilia sauti ya Kiswahili.

Tuliposikiliza hayo maneno mia, mengi hayakuwa maneno kamwe. Yalikuwa ni ule mlio wa tu-tu-tu wa simu iliyokatwa, dakika tano mfululizo, kisha mwengine, kisha mwengine.

Katika kikao cha kamati mjumbe mmoja akapendekeza tununue diski kubwa zaidi. Rai hii ilipendwa na wengi, na ingetugharimu fedha za bure. Sauti ya simu isiyobanwa huchukua baiti 8,000 kwa kila nukta, maana yake dakika moja haifiki hata nusu ya megabaiti, na saa elfu moja hazifiki gigabaiti 29. Diski yetu ilikuwa na nafasi tele. Kilichojaa ni ile idadi ya mia.

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu kubwa. Badala ya kuuliza kwa nini milio inaingia, tulitafuta njia ya kuifagia. Tukaiamuru kompyuta kwamba kila usiku saa nane ifute kila kilichozidi umri wa siku saba. Tuliona tumefanya jambo la busara. Kila kilichofika afisini, tulisema, karani atakuwa amekwisha kukisikiliza ndani ya siku saba. Sanduku likapata nafasi, malalamiko yakapungua, na sisi tukastarehe.

KASORO YA PILI: KOMPYUTA ISIYOJUA LEO NI SIKU GANI

Alipoondoka yule mzee tulimwita kijana mmoja fundi, mtoto wa mwanachama wetu. Tulitaraji atafungua kompyuta na bisibisi. Hakuigusa. Alitutaka tufungue daftari na tuchore mistari minne: siku na saa, kilichotokea, kilichotangulia kabla yake, na kilichoguswa na mtu. Akasema tuandike kwa wiki mbili, tusitengeneze kitu, na kila jioni tupige simu afisini kwa simu zetu za mkononi na kuacha maneno ya kujaribia, tukitaja saa kwa mdomo.

Kwa kweli tulimwona anatupotezea wakati. Lakini wiki mbili zilipokwisha daftari likasema lenyewe. Maneno yetu ya kujaribia yalikuwa yakikaa salama siku nyingi, na yalipopotea yalipotea mara moja, kabla ya asubuhi. Na kila pahala palipoandikwa "yamepotea", mstari wa kilichotangulia ulikuwa na maneno mamoja: "umeme ulikatika."

Tangu mwaka 2010 sisi wa Pemba hupata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanga, na kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli. Hali yetu imekuwa njema kuliko ya zamani, lakini mti ukiangukia waya wakati wa upepo na mvua, giza ni giza. Hilo tulilijua. Tusilolijua ni kwa nini umeme ukirudi maneno yaondoke.

Fundi akataka tujaribu kwa makusudi. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, tuliuzima umeme wa afisi wenyewe, tukangoja robo saa, tukauwasha. Kabla ya intaneti kurudi tukapiga simu na kuacha maneno. Kisha tukauambia mtambo utusomee tarehe ya maneno hayo. Ukatusomea tarehe mosi Januari ya mwaka uliopita zamani, wakati ambapo chama hakikuwa hata na simu.

Sababu yake ni hii. Ndani ya kila kompyuta ya namna yetu mna betri ndogo ya mviringo, mfano wa sarafu, ya volti 3, ambayo kazi yake ni kuiendesha saa wakati umeme haupo. Betri ya kompyuta yetu ilikuwa imekufa, labda miaka mingi. Umeme ukikatika, saa ilirudi kwenye tarehe ya kiwandani. Intaneti ikisharudi, kompyuta iliuliza saa ya kweli huko nje na kujisahihisha, na kwa hivyo karani alipofika asubuhi aliikuta na tarehe sahihi, asishuku kitu. Lakini maneno yaliyoingia katika ule muda wa kati, baina ya kurudi umeme na kurudi intaneti, yalikuwa yamekwisha pigwa muhuri wa miaka mingi nyuma. Ikifika saa nane za usiku ufagio wetu ulipita, ukaona faili ambalo umri wake ni miaka, ukalifuta.

Tukafungua daftari la siku za nyuma. Usiku ule wa mzee umeme ulikatika magharibi, ukarudi kabla ya isha, na intaneti haikurudi mpaka karibu na saa sita. Mzee alipiga saa mbili na nusu. Alisema kweli, na sisi tulisema kweli. Maneno yake yaliingia, yakakaa sandukuni saa tano na nusu, kisha tukayafuta wenyewe kwa amri yetu, nasi tumelala.

KASORO YA TATU: MTAMBO UNAOKATA KAULI

Betri mpya ilinunuliwa kwa bei ya vitafunio, na ufagio wa saa nane tukauondoa siku ileile. Ikabaki ile milio ya tu-tu-tu, ambayo ndiyo mama wa yote.

Fundi akatuonesha jaribio jepesi. Alipiga simu afisini kwa simu yake, akangoja mtambo upokee, akakata. Kisha akatuambia tuitazame taa ya kile kisanduku. Taa ikaendelea kuwaka. Dakika moja, mbili, tatu, mpaka tano. Mpigaji amekwenda zake, na mtambo unamsikiliza bado.

Akaeleza kwamba katika simu za waya, vituo vya simu havina njia moja ya kuambia upande wa pili kwamba mtu amekata. Vingine hukata umeme wa laini kwa muda mfupi, vingine hugeuza chanya kuwa hasi, na vingine hutoa mlio tu. Mtambo wetu ulikuwa ukingoja umeme wa laini ukatike, na kwetu hutolewa mlio peke yake. Kwa hivyo kila aliyesikia sauti ya mtambo akaona haya kusema na chombo, akakata, alituachia dakika tano za mlio, na katika dakika hizo tano hapana mwengine aliyeweza kupata laini. Kimya kingeufanya mtambo uache kuandika, lakini mlio si kimya.

Dawa ilikuwa ni kuufundisha mtambo kuutambua mlio wa kukatwa na kuufunga mlango mara moja. Tukaufundisha usikie milio minne iliyolingana, ndipo ukate. Tukajaribu mara kumi, ukakata mara kumi. Tukafurahi, tukatangaza kuwa mtambo umepona.

Haikupita wiki akaja mama mmoja mwanachama wetu, amekasirika. Alikuwa akituhesabia magunia yake kwa simu, moja, mbili, tatu, nne, kwa pumzi iliyolingana kama afanyavyo mtu makini, na kila alipofika la tano au la sita alikatiwa. Alirudia mara tatu. Tukamwambia: "Mama, tustahamilie, tulijaribu kwa kukata simu tu, hatukujaribu kwa mtu anayesema." Mtambo uliichukua hesabu yake kuwa ni milio ya simu iliyokatwa. Tukapandisha kiwango kutoka milio minne hadi minane. Sasa mtambo hukawia kidogo kujua kwamba mtu amekwenda, lakini haumkatii mtu kauli yake. Tukamwomba mama yule awe mjaribu wetu. Alihesabu magunia thelathini bila ya kukatwa, na ya thelathini na moja akasema ni ya kutukomesha.

TULIYOJIFUNZA

Hatupendi kuwachosheni kwa waadhi, ila mambo matatu yafaa kusemwa, kwani hayahusu simu peke yake.

La kwanza, kuondoa dalili si kuondoa ugonjwa. Tulipofagia milio badala ya kuuliza inatoka wapi, tulitengeneza kisu, na siku betri ilipokufa kisu kile kikamchinja mwanachama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tulipaka chokaa juu ya ufa.

La pili, kitu kinachoharibika kwa vipindi hakishikwi kwa kukumbuka. Kila mtu afisini alikuwa na rai yake, na kila rai ilikuwa na mfano wake. Daftari la mistari minne halikuwa na rai, na ndilo lililotuonesha. Na ukishajua, badilisha jambo moja tu, ujaribu, ndipo uguse la pili. Wenye kubadilisha matatu kwa pamoja hawajui lipi lililoponya, wala lipi lililoharibu.

La tatu, mjaribu wa kweli ni yule mwenye haja. Sisi tulijaribu kama mafundi. Mama yetu alijaribu kama mkulima, akaona tusiloliona.

UTARATIBU WA MSIMU HUU

Kamati imekubaliana na mambo yafuatayo, nasi twaomba kila mwanachama ayajue na awaeleze jirani zake.

Kwanza, hapana maneno yatakayofutwa kabla ya karani kuyaandika katika daftari la simu, pamoja na jina, saa na jawabu iliyotolewa. Daftari hilo liko juu ya meza, na mwanachama yeyote ana haki ya kulitazama.

Pili, wakati wa msimu karani ataipokea simu mwenyewe mpaka saa nne za usiku, na mtambo utafanya kazi baada ya hapo. Salamu ya mtambo sasa ni ya Kiswahili, na pia neno la kusema kuwa sanduku limejaa, ingawa twatumaini hamtalisikia.

Tatu, ukisemeshwa na mtambo usikate. Ngoja mlio, kisha taja jina lako, shehia yako, namba yako ya simu, na haja yako. Tafadhali musitubipu. Simu yetu ya mezani haioneshi namba ya anayepiga, basi mwenye kubipu hatumjui, wala hatuna njia ya kumrudia.

Nne, zamu ya turubali haitatolewa tena kwa mtambo peke yake. Usipopata jawabu kufikia saa moja ya asubuhi, mtume mtoto au kijana mwenye baiskeli. Mtambo umetengenea, lakini ni mtambo.

Ama juu ya mzee wetu, kamati haikuona njia ya kuzirudishia karafuu zake rangi iliyopotea. Tulikwenda nyumbani kwake, katibu na wajumbe wawili, tukamweleza yote kama tulivyoeleza hapa, tukamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama betri yenyewe tunayo. Tulikuwa nayo mfukoni, tukampa. Aliigeuzageuza kiganjani, akasema, "Kitu hiki ndicho kilichonila karafuu zangu?" Tukamwambia, "Na sisi pia, mzee wangu." Akatikisa kichwa, akaagizia kahawa.

Zamu ya kwanza ya turubali msimu huu ni yake. Na kwa ombi la kamati, amekubali kuja afisini kila mwisho wa mwezi kulikagua daftari la simu, mstari kwa mstari. Amekwisha kuja mara moja. Alikuta pahala pamoja pasipo na jawabu, na hakuondoka mpaka karani alipompigia simu mwenye haja mbele yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe msimu wa jua na mavuno mema. Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama